Maksai Hawakuhudhuria Semina

Nilirudi Karatu na stashahada. Nalisema hili mwanzoni kabisa, kwa sababu wapo watu wanaosubiri hadi waulizwe, na mimi sijawahi kuona faida ya kusubiri. Niliondoka Qurus, kijijini kwetu, na sweta moja na anwani ya mtu ambaye nilipofika Uholanzi alikuwa ameshahama. Asubuhi nilisoma, jioni niliosha sahani za mkahawa. Hakuna mjomba aliyenilipia, wala padri aliyeniandikia barua. Stashahada yangu ina muhuri wa bluu nayo iko ukutani sebuleni, mkabala na mlango, ili mgeni asihangaike kuitafuta.

Nilisomea uwezeshaji wa vikundi: jinsi ya kuwasaidia watu wafanye kazi pamoja na kujiongoza wenyewe, pasipo bosi. Nilipomweleza mama yangu, aliweka ungo chini.

"Yaani umekaa Ulaya miaka yote hiyo kusomea kutokuwa bosi?"

"Ndiyo, Mama."

"Hapa nyumbani ungekosa cheo bure kabisa."

Hata hivyo nilipata kazi kwenye mradi wa vikundi ndani ya mwezi mmoja, jambo ambalo waliobaki hapa wakinisubiri nishindwe hawajalisahau. Tulikuwa wawezeshaji watatu. Mimi nilikuwa na vikundi vya wakulima upande wa Qurus. Dada mmoja kutoka Kilimanjaro, aliyewahi kufanya kazi mapokezi kwenye loji ya watalii, alikuwa na vikundi vya akina mama wa mjini wanaouza mboga kwenye mahoteli. Wa tatu alikuwa kaka Mmaasai wa Oloipiri, huko Loliondo, aliyeshughulikia vikundi vya wafugaji na ambaye kila safari ya kuja kwetu ilimgharimu siku nzima barabarani, na kila mara alitukumbusha.

Kila baada ya miezi mitatu tulikutana mjini Karatu kutafakari. Kutafakari ni kazi ngumu, ndiyo maana hufanyika kwenye chumba chenye sambusa. Tulikodi ukumbi wa nyuma wa hosteli moja, tukapanga viti vitatu kwa duara, kama watu watatu wanaweza kukaa vinginevyo. Katikati ya duara huwekwa kitu cha kutuliza macho. Dada aliweka ua. Kaka wa Oloipiri aliweka ufunguo wa pikipiki yake, kwa sababu, alisema, ndicho kitu alichokuwa akikiwazia hata hivyo.

Kisha kila mmoja hueleza hali yake kwa mfano wa hali ya hewa. Dada alisema yeye leo ni mawingu kiasi na jua kwa mbali. Mimi nilisema ni anga safi.

"Kwetu hakujanyesha," alisema kaka wa Oloipiri. "Mimi sina hali ya hewa, nina ukame. Tuendelee."

Kazi kubwa ya siku ile ilikuwa kujaza gurudumu. Ni duara linalochorwa kwenye karatasi kubwa ya bango kitita na kugawanywa kwa mistari, na kila mstari ni jambo moja: kikundi kinaamuaje, kinasuluhishaje ugomvi, kinabadilishanaje majukumu, kinamtegemea mwezeshaji kiasi gani. Unakipa kikundi alama toka moja hadi tano. Ukiunganisha nukta unapata umbo, na makao makuu wakiliangalia umbo hilo wanajua watu wa Qurus wanaishije. Mimi pia nilijua wanavyoishi, kwa sababu nimezaliwa kule, lakini hilo halina mstari.

Nilikipa kikundi changu cha maksai tano kamili kwenye kubadilishana majukumu. Sikusita. Kilikuwa kikundi changu bora, na nilikwisha kuahidi makao makuu kwamba nitakipeleka kama mfano kwenye mkutano wa mwaka.

Niwaeleze kikundi hicho. Kaya kumi na nane zilichanga, zikanunua maksai wanne mnadani upande wa Loliondo, kwa ajili ya kulima mashamba ya miinuko ambako trekta haipandi. Tangu mwanzo aliyewatunza na kuwaswaga alikuwa mzee mmoja jirani, rika la marehemu baba yangu. Yeye ndiye aliyewafundisha nira. Aliwaita kwa rangi zao, kwa Kiiraqw, kwa sauti ndogo kama anayemnong'oneza mtu kanisani, nao walikwenda. Nilipofika na stashahada yangu niliona tatizo papo hapo, tatizo ambalo watu wasiosoma walikuwa wameliita bahati: madaraka yote yalikuwa yamekaa kwa mtu mmoja. Akiugua je? Akikasirika je? Nikaandika kwenye bango kitita kwamba jukumu la kuswaga litahama kila tarehe mosi, kaya hadi kaya, na maksai watahama nalo. Nikauliza nani ana pingamizi zito. Wote wakanyoosha vidole gumba juu, ishara niliyowafundisha mimi. Mzee naye akanyoosha chake, wa mwisho, taratibu, kama mtu anayepima kama mvua imeanza. Kwenye taarifa niliandika: ridhaa kamili.

Kiangazi chote mfumo ulifanya kazi vizuri mno, kwa kuwa hapakuwa na kazi. Maksai walikula majani ya kaya hii, mwezi ukiisha wakala ya kaya ile. Nilipiga picha nyingi.

"Tano," nilirudia, nikibonyeza maka peni hadi ikalia.

"Subiri," alisema kaka wa Oloipiri. "Kila mwezi ng'ombe anapewa mtu mpya?"

"Si ng'ombe. Jukumu."

"Na ng'ombe ameambiwa hiyo tofauti?"

Dada alicheka hadi akaweka sambusa chini. Nilikuwa naanza kuwachorea tofauti hiyo kwenye bango simu yangu ilipoita. Kwa kanuni zetu simu zinapaswa kuzimwa, kanuni niliyoiandika mimi. Aliyepiga alikuwa mwanakikundi wa Qurus, mama mmoja mjane ambaye shamba lake liko juu kabisa ya mteremko, udongo mwembamba, unaoshika maji siku tatu tu kisha unageuka tofali. Msimu uliopita alichelewa kulima akakosa vyote. Alikwisha kutuambia kwenye kikundi, bila kulia wala kuomba, kwamba akikosa na safari hii atahamia kwa shemeji yake. Kila aliyemfahamu huyo shemeji alijua maana yake: mama aliyezoea kuamka kwenye nyumba yake atakuwa anaamka kwenye jiko la mtu. Na mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha juzi yake.

Dada alisisitiza niweke spika, kwa ajili ya uwazi.

"Mwalimu," alisema yule mama, "hawa ng'ombe wamegoma."

"Wamegomaje, Mama?"

"Wamesimama. Wako kwenye nira, plau liko ardhini, nao wamesimama. Mwezi huu ni wa Mangi. Tangu asubuhi anawasihi."

Mangi ndivyo tulivyomwita mwenye duka wa pale, mtu wa Kilimanjaro aliyehamia Qurus zamani, mwaminifu kuliko mizani yake. Nyuma ya sauti ya yule mama nilimsikia: "Twendeni basi, jamani. Twendeni."

Dada aliinua karatasi aliyokuwa ameandika kwa herufi kubwa: USITATUE. ULIZA.

Nikasafisha koo. "Mama, kikundi kinahisi kifanyike nini?"

"Kikundi kinahisi uje," alisema. "Mimi nahisi ungekuja jana."

Tuliondoka na gari la mradi, wote watatu, tukiacha sambusa nne, jambo linaloonyesha uzito wa hali. Njiani dada, aliyekuwa akiendesha, alitukumbusha kwamba mwezeshaji anayekwenda kutazama hazungumzi. Akizungumza, kikundi kinahesabiwa kuwa bado kinamtegemea, na mstari ule wa utegemezi unashuka hadi moja. Tukakubaliana kwa vidole gumba kwamba hakuna atakayefungua mdomo shambani. Chake kilikuwa kwenye usukani, lakini tukakihesabu.

Tulipofika, nusu ya kikundi ilikuwa imesimama pembeni mwa shamba. Katikati walikuwa maksai wanne, wawili nyuma ya wawili, wametulia kama wanaopigwa picha ya kitambulisho. Mangi alikuwa amevaa buti mpya za mpira na ameshika fimbo kwa namna mtu anavyoshika mwavuli wa mwenzake.

"Tafadhali," aliwaambia maksai.

"Mangi, waahidi punguzo!" mtu alipiga kelele.

"Wanangoja chenji!" mwingine akamalizia, na watu wakacheka, isipokuwa yule mama. Yeye alikuwa amesimama na ndoo ya mbegu kiunoni, ameifunga kwa khanga, tayari kupanda nyuma ya plau lisilokwenda.

Na Mzee? Mzee alikuwa ameketi juu ya tuta la kuzuia maji, koti limefungwa vifungo vyote, mikono mifukoni. Maksai wa mbele kulia alikuwa amegeuza shingo yote, pamoja na nira, akimtazama.

Kaka wa Oloipiri alininong'oneza, maana kunong'ona hakukuwa kwenye makubaliano. "Hawa wametoka kwetu?"

"Mnada wa kule."

"Naona. Wana haya. Wamefungwa mbao shingoni mbele ya watu, halafu wanaombwa na muuza sukari."

Mangi alituona akapata matumaini. Akatoa mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko karatasi yangu, ile ya kanuni, imekunjwa vizuri. Alikuwa ameitunza kama hati ya kiwanja. "Mwalimu, mimi nafuata kama ulivyoandika. Nimemwambia Mzee anisaidie, amesema mwezi wake ulikuwa wa pili, umeshapita."

"Ulikuwa wa pili," alisema Mzee kutoka kwenye tuta. "Imeandikwa."

Wote wakanitazama. Nikatazama viatu vyangu. Ni viatu vya ngozi, nilivinunua Uholanzi kwa mshahara wangu wa mwisho, na hadi siku ile havikuwa vimejua tope la Qurus. Nilifunga mdomo. Naomba lieleweke kwamba kwa mtu wa kipaji changu hiyo ni kazi kubwa.

Yule mama hakusubiri. Aliweka ndoo chini.

"Njooni duara," alisema. Wakaja, wakasimama kwa duara kwenye udongo mbichi, Mangi naye na fimbo yake. "Nina pendekezo. Uenyekiti wa kikao uzunguke, ufunguo wa stoo uzunguke, kuandika kuzunguke. Ng'ombe wasizunguke. Wabaki kwa Mzee. Nani ana pingamizi zito?"

Sikumbuki kuamua chochote, lakini mkono wangu ulikuwa juu. Nilikuwa na maboresho. Nilitaka kusema kwamba Mzee angeweza kuwa anafundisha mtu wa pili, kidogo kidogo, hoja ambayo hadi leo nasema ilikuwa nzuri.

"Mwalimu," alisema yule mama, "shusha mkono. Wewe huna kidole hapa."

Walicheka wote. Kaka wa Oloipiri alicheka Kimaasai, yaani bila kutoa sauti, mabega tu. Dada aliandika kitu kwenye daftari lake. Vidole gumba vya duara zima vikapanda juu, cha Mangi kikiwa cha kwanza na cha juu kuliko vyote. Nilijisikia fahari na aibu kwa wakati mmoja. Utaratibu ule niliwafundisha mimi, kwa miezi, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipouona ukitumika bila mimi kushika kalamu. Niliwafundisha vizuri sana, ndiyo maana walinitoa nje.

"Basi, Mzee," alisema yule mama. "Simama."

"Sisimami."

"Una pingamizi?"

"Sina pingamizi." Mzee alitoa mkono mmoja mfukoni. "Mlininyooshea vidole nikatoka. Leo mnaninyooshea vidole nirudi. Mimi si taa ya barabarani. Vidole si mdomo. Aliyenitoa ana mdomo, tena uliosomeshwa."

Yule mama aliinama, akachukua bonge la udongo, akalivunja mkononi. Nje lilikuwa limeshaanza kubadilika rangi. Ndani bado lilikuwa jeusi. Akanionyesha. Kama si leo ni kesho, na baada ya kesho ni kwa shemeji.

Dada alinitikisia kichwa, kidogo tu. Nilielewa. Nikifungua mdomo, kikundi changu bora kinapata moja kwenye utegemezi, na ule mfano niliouahidi makao makuu unakuwa mfano wa kitu kingine. Lakini tusidanganyane, si gurudumu lililonizuia. Nilikuwa sijawahi kuomba radhi Qurus. Ulaya niliomba radhi kila siku: kwa sahani iliyovunjika, kwa kuchelewa dakika mbili, kwa kusimama upande usio wangu kwenye ngazi za umeme. Niliomba radhi kwa lugha tatu. Nilirudi nyumbani ili nisiombe tena. Na hapa walikuwepo walioniona nikiondoka na lile sweta.

"Mzee," nilianza, kwa ile sauti ya mafunzo, "nasikia kwamba unahisi hukushirikishwa ipasavyo katika..."

"Usinisikilizie," alisema. "Sema."

Nikaacha Kiswahili, maana Kiswahili cha semina kina milango mingi ya kutokea. Nikasema kwa Kiiraqw, cha nyumbani, cha mtu aliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka kwake. Nilisema niliwaondoa ng'ombe kwake bila kumuuliza anawaongozaje. Nilisema nilikiona kidole chake siku ile, nikajua kilikuwa kinasema kitu kingine, nikaandika nilichotaka mimi. Nilisema nilikosea, na nikamwomba arudi.

Mzee alimnyooshea Mangi kidevu. "Mangi hakusikia."

"Nimesikia, Mzee, nimesikia," alisema Mangi haraka, akimpelekea fimbo kwa mikono miwili.

Mzee alisimama, akapita pembeni ya ile fimbo kama haipo. Alikwenda hadi kwa maksai wa mbele, akamgusa chini ya nira, akarekebisha kamba ambayo sisi wote tulikuwa tumeitazama muda wote bila kuona kwamba inambana. Kisha akarudi nyuma akasema neno moja, rangi ya yule wa kulia. Maksai wakaegemea mbele. Plau likalia, udongo ukafunguka mweusi, na yule mama akajifunga ndoo kiunoni bila kupoteza hata pumzi ya kushangilia.

Baada ya hatua kumi Mzee aliwasimamisha. "Anatakiwa mtu wa kutangulia mbele kushika kamba. Mteremko ni mkali." Akanitazama. "Wewe umezoea kuongoza."

Hivyo ndivyo viatu vyangu vya Uholanzi vilivyokwisha. Nilitangulia mbele ya maksai wanne hadi jioni, nikiwa na shati la mkutano na kitambulisho cha mradi shingoni, na niseme ukweli bila kujisifu: mfuo wangu ulinyooka kuliko wa mtu yeyote aliyewahi kutangulia maksai wale, na Mzee mwenyewe hakuupinga, alisema tu kwamba anayelima ni ng'ombe. Mangi alishika plau, akawa hodari ajabu mara tu alipoachiwa kazi isiyohitaji kuongea. Kaka wa Oloipiri alikataa kabisa kugusa nira. Alisema siku ikijulikana kwao kwamba alisaidia kumfanya ng'ombe mkulima, wazee wataitana. Lakini nilimwona akienda mbele yetu akiokota mawe na kuyatupa nje ya njia yao, na kila akipita aliwaambia kitu kwa Kimaasai, pole nadhani.

Dada alitembea pembeni na bango letu la gurudumu likiwa limekunjwa kwapani.

"Kwenye utegemezi tunaandika ngapi?" alipaza sauti.

"Tano!" nilimjibu. "Walinishusha mkono! Umeona mahali gani kikundi tegemezi kinamshusha mtu mkono?"

"Ulizungumza. Tena kwa dakika kadhaa."

"Nilitumwa na kikundi!"

"Mbili," alisema kaka wa Oloipiri, akiwa na jiwe mkononi.

"Mbili kwa nini?"

"Moja ya mama. Moja ya ng'ombe. Hao ndio waliokukatalia."

Tulibishana hivyo mfuo mzima, kupanda na kushuka, na hatukufikia ridhaa. Hadi leo ule mstari kwenye bango uko wazi, na umbo la Qurus lina pengo upande mmoja kama pai iliyoliwa. Sikukipeleka kikundi kwenye mkutano wa mwaka. Niliambiwa nipeleke umbo lililokamilika, na nikapeleka la akina mama wa mboga, ambalo lilikuwa la mviringo mzuri.

Tulipofika mifuo ya mwisho, jua lilikuwa limeshuka nyuma ya msitu wa Ngorongoro na miguu yangu ilikuwa imeacha kunijulisha chochote. Yule mama alikuwa bado nyuma yetu, hatua kwa hatua, mahindi mawili na haragwe moja, anafukia kwa unyayo. Hakuwa amezungumza nami tangu aliponishusha mkono. Tulipofika ukingoni nikageuka na kamba kwa madaha, maana kulikuwa na watu wanaotazama, ndipo aliponiita.

"Mwalimu!"

Nikasimama. Nilidhani ni shukrani, na nikaanza kutengeneza uso wa kuipokea.

"Geukia huko nje," alisema. "Unanikanyagia mbegu."